Kushusha Hilux kwa maputo ya upepo: kazi yenyewe iko nyuma

Anayetaka pikapu inayolala chini na kunyanyuka kwa swichi huanza kuulizia puto gani (mfuko wa mpira unaojazwa upepo badala ya springi) na kompresa gani. Hivyo vinauzwa, utavipata. Kigumu ni kuishika ekseli ya nyuma mahali pake baada ya springi kutoka.

Springi za pleti za Hilux zina kazi mbili. Zinabeba uzito, na zinaizuia ekseli isisogee mbele, nyuma wala pembeni, na isijiviringishe unapokanyaga mafuta. Puto linabeba uzito tu, basi. Njia ya mkato inayopendwa ni kubakiza pleti moja ndefu iwe mkono, puto likakaa juu yake. Pleti hiyo hujikunja kila ukiondoka kwa nguvu au ukifunga breki, na mwishowe hukatikia kwenye tundu la senta bolti, ile inayozishika pleti katikati. Ikikatika, ekseli inahama na propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, inaweza kuchomoka. Hiyo siifungi, hata mwenye gari akibembeleza.

Ninachofunga ni mikono minne, vyuma vinavyounganisha ekseli na chesisi. Miwili ya chini inakwenda sambamba na chesisi. Miwili ya juu inaanzia kwenye difu, kasha la gia katikati ya ekseli, ikitanuka umbo la V, kila mmoja nyuzi 30 hadi 45 kutoka mstari wa katikati wa gari. V hiyo ndiyo inayozuia ekseli kwenda pembeni. Tangi la mafuta likiinyima V nafasi, panga yote minne sambamba, kisha ongeza fito moja ya kukingama kutoka chesisi hadi ekseli. Iwe ndefu kadiri nafasi inavyoruhusu, maana fupi huivuta ekseli upande mmoja kila inapopanda na kushuka.

Kabla ya grainda: toa betri, hamisha paipu za mafuta na breki, weka stendi chini ya chesisi mbele na nyuma, pima kwa pimamaji. Ekseli ikipanda itagonga chesisi, kwa hiyo chesisi inakatwa umbo la mwezi mchanga juu yake na kuzibwa kwa bamba la milimita 6, ndani na nje. Kata upande mmoja, umalize kuuchomelea, ndipo uende wa pili. Ukikata zote mbili kwa pamoja chesisi inalegea katikati na haitarudi ilivyokuwa. Bamba livuke mkato kwa milimita 150 kila upande, na ncha zake zikatwe mshazari. Ncha iliyonyooka wima huacha mstari mmoja wa weldingi unaokata chesisi juu hadi chini, na nyufa huanzia hapo hapo. Choma vipande vifupi vya milimita 30, ukihama hama ili joto lisilipinde.

Puto likae wapi? Hapa hesabu ni rahisi. Tuseme kila upande wa nyuma unabeba kilo 225 gari likiwa tupu, na puto lina eneo la kazi la sentimita 130 za mraba. Likikaa juu ya ekseli, PSI 25 (kipimo cha presha) zinatosha, lakini kwa presha hiyo gari linaning'inia na kuyumba. Likikaa katikati ya mkono wa chini linahitaji kusukuma kilo 450, yaani PSI 50, na kila sentimita moja ya puto inaipa tairi sentimita mbili. Napendelea hapo katikati. Gharama yake ni kwamba mkono sasa unapindwa, kwa hiyo bomba liwe la inchi moja na nusu lenye ukuta wa robo inchi, lisiwe bomba la maji.

Usichomelee braketi za puto kabla ya kupima mwendo. Acha maputo mezani, weka jeki chini ya difu, ipandishe ekseli mpaka mwisho na uishushe mpaka mwisho, ukiandika urefu wa nafasi ya puto kila hatua. Gari likiwa chini kabisa, stopa ya mpira ndiyo ilibebe, puto lisipondwe. Gari likiwa juu kabisa, shokapu au mkanda uzuie kabla puto halijanyooka likachomoka kwenye bamba lake. Kisha jaza puto na uzungushe kidole pembeni yake: libaki na nafasi ya milimita 25 pande zote. Likigusa hata kichwa cha bolti, mpira utatoboka.

Hilux nyingi zina valvu ya breki inayosoma mzigo, yenye fimbo iliyoshikwa kwenye ekseli. Ukishusha gari, fimbo inaiambia valvu kwamba bodi imejaa saruji, breki za nyuma zinapewa presha zaidi, na kwenye lami yenye maji tairi za nyuma zinafunga kwanza. Hamisha braketi ya fimbo ili kwenye kimo cha kuendeshea isomeke kama gari tupu. Kwenye kimo hicho hicho pima pembe ya pinioni (gia ya difu inayopokea propela) na ya giaboksi. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi 2, propela itatetemesha gari zima.

Upande wa upepo: paipu ya nailoni ya breki za malori, kipenyo cha inchi 3/8, ikatwe kwa wembe na si kwa koleo, la sivyo itavuja. Kati ya kompresa na tenki weka hozi ya waya, kwa sababu upepo unatoka pale ukiwa wa moto. Swichi ya presha iwashe kwa PSI 110 na kuzima kwa 145. Kompresa ipite kwenye rilei ya ampea 40, fyuzi ikae karibu na betri. Paka maji ya sabuni kila kiungo, kisha liache gari usiku kucha ukiwa umeandika presha.

Dar, Tanga au Mombasa unyevu ni mwingi: weka kichujio cha maji kabla ya valvu za upepo wa maputo, na ufungue koki ya chini ya tenki kila wiki.