Rangi za maji hazitoki kwenye filta

Nafanya kazi kwenye steshonari moja hapa Dodoma mjini. Tunaprinti, tunatoa kopi, na siku hizi watu wanaleta picha za simu tuzigeuze zionekane kama zimechorwa kwa rangi za maji, wakatundike sebuleni. Nusu ya kazi ni kubishana kwanza.

"Si unabonyeza tu filta?"

Filta ipo. Photoshop, ile programu ya kuhariri picha, inayo, imeandikwa kabisa Watercolor, na ukiibonyeza kazi imeisha kabla hujameza mate. Shida ni kwamba inakoleza vivuli mpaka vinafanana na masizi, ilhali rangi ya maji ni nyepesi: mwanga unaipenya, unagonga karatasi na kurudi machoni. Kwa desturi mchoraji wa rangi hizi hapaki nyeupe. Weupe wa kanzu, wa meno, wa mawingu, ni karatasi aliyoiacha makusudi. Filta haijui kuacha. Inapaka kona hadi kona.

Kwa hiyo mimi hulainisha picha kwanza, naifunika yote kwa maski, yaani pazia linaloificha bila kuifuta, chini naweka leya (tabaka la picha) nyeupe, kisha naifunua kidogokidogo kwa brashi yenye kingo zilizochakaa. Uso, mikono, ndipo nguo. Kuna bibi mmoja aliletwa kwenye picha akiwa ameshika kichala cha zabibu, nyuma yake nguzo ya umeme, ndoo na matofali ya jirani. Vya nyuma sikuvifunua. Mjukuu wake akauliza, "Kaka, mbona umeikata?" Sikukata kitu. Zile zabibu zilikuwa zimemezwa na matofali. Sasa ndizo za kwanza kuonekana.

"Ni kutia ukungu tu"

Hapana. Tazama tone la chai lililokaukia mezani: katikati pamepauka, pembeni pamekolea. Maji hukauka upesi zaidi ukingoni, yale ya katikati yakakimbilia huko na kubeba chembe za rangi. Doa la rangi za maji lina pete hiyohiyo, na jicho huitafuta hata kama mtazamaji hajui anatafuta nini. Ukitia ukungu peke yake unapata picha iliyotikisika. Nakili leya, iache mistari ya kingo tu, iweke juu kwa hali ya Multiply, inayokoleza kilicho chini yake, halafu ififishe mpaka karibu isionekane.

"Bila kununua Photoshop huwezi"

GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, ni ya bure tangu 1996. Ina leya, ina maski, ina Multiply.

"Jua kali ndilo linatoa picha nzuri"

Labda kwingine. Hapa kwetu jua la saa saba linageuza macho kuwa mashimo na ukuta wa chokaa kuwa mwanga mtupu. Pikseli, yaani nukta ya picha, ikishakuwa nyeusi kabisa hakuna rangi ya kuiokoa ndani yake. Piga saa moja asubuhi, au jioni jua likiwa limeinama. Mbuyu wa kiangazi, usio na jani hata moja, kwa mwanga wa jioni karibu ujichore wenyewe.

"Hii ya WhatsApp inatosha"

Hapa wateja wana haki nusu. Karatasi ya A3 kwa pikseli 300 kwa inchi inahitaji 3508 kwa 4961, na WhatsApp hubana picha isipotumwa kama faili. Lakini rangi za maji husamehe, maana vitu vidogovidogo tunavifuta hata hivyo. Ila kuza picha kwanza, ndipo uweke brashi na mikwaruzo ya karatasi. Ukikuza mwishoni, mikwaruzo inavimba kama tambi.

"Nikiigeuza, ni yangu"

Picha ya mtu mwingine hubaki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataa ibadilishwe, kwa hiyo mwombe.

"Printi kwenye karatasi inayong'aa ipendeze"

Mng'ao unarudisha ufoto wote niliouondoa kwa saa mbili. Mjukuu wa bibi aling'ang'ania, nikamprintia mbili ndogo, moja inayong'aa na moja isiyong'aa. Akazipeleka mlangoni kwenye mwanga, akazigeuzageuza. Akalipia isiyong'aa, ile nyingine akaomba bure.