Kwa nini kipimo cha brusela kinasubiri malai yapande?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maziwa yakishapokelewa kituoni yameshapimwa ugonjwa. Nilimwona mpokeaji akitumbukiza laktomita, kisha akichanganya maziwa kidogo na alkoholi na kutazama kama yanaganda. Yasipoganda, anayamimina tangini. Kumbe laktomita inamnasa aliyeongeza maji, na alkoholi inayanasa maziwa yanayoelekea kuchacha. Brusela, bakteria anayemfanya ng'ombe atupe mimba na kumpa binadamu homa ya kwenda na kurudi, hupita hapo bila kuulizwa jina. Maziwa yenye brusela yanaweza kuwa meupe na matamu kama mengine yote.

Nikajirekebisha nusu: basi huko maabara wanamsaka kwa hadubini. Nako nilikosea. Kipimo cha pete, kilichoanzia Ujerumani mwaka 1937, hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili ambazo ng'ombe ametengeneza kupambana naye, zikaingia kwenye maziwa.

Mpimaji hutia kwenye mrija mwembamba kama mililita 1 ya maziwa ya kundi zima, akaongeza tone la brusela waliokwisha kuuawa na kutiwa rangi ya buluu iliyokoza. Mrija unakaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 1.

Chukua vitone vya mafuta ya maziwa, vile vinavyopanda juu na kuwa malai, kuwa maboya, na kingamwili kuwa kamba zenye ndoana. Ndoana zinawanasa wale bakteria wa buluu, kamba zinajifunga kwenye maboya, na maboya yanapopanda hupanda na mzigo wake. Juu inabaki pete ya buluu, chini maziwa yamepauka. Pasipo kingamwili hakuna ndoana: malai yanapanda meupe, rangi inabaki imetawanyika chini. Mafuta, ambayo hayana ugomvi na mtu, ndiyo yanayobeba jibu.

Pete nayo husema uongo mara nyingine. Dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa), ugonjwa wa kiwele au chanjo ya karibuni vinaweza kuileta bila ng'ombe kuwa na brusela. Kwenye kundi kubwa, maziwa ya mgonjwa mmoja humezwa na ya wenzake, kwa hiyo mpimaji huongeza kiasi cha maziwa. Tena pete haimtaji mhusika. Ikitokea, kila ng'ombe anatolewa damu ya kupimwa.

Kituko kiko kwa mbuzi. Mwaka 1905, kisiwani Malta, daktari Themistocles Zammit aligundua kwamba mbuzi walioonekana wazima ndio waliobeba brusela. Askari wa Uingereza wakakatazwa maziwa yao, na homa ikapungua sana kambini. Lakini kipimo cha pete hakiwafai mbuzi hao hao: vitone vyao vya mafuta ni vidogo na havishikani, hivyo maboya yanachelewa kupanda. Wao damu moja kwa moja.