Kuombea chakula si kuua vijidudu

Wengi huombea chakula wakiamini sala inatoa sumu au uchafu. Andiko linalotajwa ni 1 Timotheo 4:4-5, kwamba chakula hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa kuomba. Lakini mstari wa 3 unawasema watu waliokataza vyakula fulani. Paulo anajibu kuwa chakula ni halali kikipokewa kwa shukrani. Habari ya wali uliolala nje ya friji haimo. Huo mwage, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kuifumba.

Katika Marko 6:41 Yesu alitazama juu mbinguni, akashukuru, ndipo akaumega mkate. Wayahudi hadi leo humhimidi Mungu “utoaye mkate katika ardhi”: sala inamwelekea mtoaji, sahani inasubiri. Sala ya Kikatoliki nayo huomba baraka juu ya walaji kwanza, kisha vipaji, yaani chakula chenyewe.

Kwa hiyo pakueni kwanza, aliyepika naye aketi. Mmoja aombe sentensi mbili tatu: asante kwa kitu chenyewe (taja dagaa, taja ugali), asante kwa mikono iliyolima na kupika, na ombi kwa asiye na chakula. Sala hukwama inapogeuka mahubiri, au fimbo ya kumsema mtoto aliyefeli mtihani huku ugali unapoa. Baada ya kula mshukuruni Mungu tena. Kumbukumbu la Torati 8:10 linaagiza shukrani baada ya kushiba, na hiyo ndiyo tunayoiruka karibu wote.