Mama wa mahamri na upepo wa kusi: namna ya kuzitazama mbio za baiskeli

Mbio za kwanza nilizozipanga mwenyewe hapa Malindi ziliharibika, na aliyeniambia hivyo ni mama anayeuza mahamri jirani na kibanda changu cha baiskeli. Nilipanga vijana waondoke mjini, wavuke daraja la Sabaki, wageuzie Mambrui na kurudi, yapata kilomita 30. Watu walijaa. Filimbi ikalia, vijana wakachomoka, vumbi likatulia. Basi. Karibu saa nzima hapakuwa na cha kutazama ila tuktuk na punda.

"Fundi," mama akaniambia, "nimeacha mbaazi zangu motoni kuja kuona migongo ya watu?"

Sikuwa na jibu. Nimeziba pancha miaka mingi, ujanani nimeshindana, lakini sikuwahi kujiuliza anayesimama kando ya barabara anapata nini.

Siku hizi tunazunguka mtaa. Duara la kilomita mbili hivi, mara kumi, na kila dakika nne au tano wanakupitia mlangoni. Hata wakubwa hufanya hivyo. Ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani ulipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, Septemba 2025, waendeshaji walizungushwa kwenye vilima vya mji. Waliosimama kwenye mpando wa Kimihurura, ule wa mawe, waliwaona watu wale wale tena na tena, kila mzunguko wamepungua.

Ila kuwaona hakutoshi kama hujui cha kutazama. Usitazame miguu. Tazama upepo, na nani anajificha nyuma ya nani.

Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu yake inaishia kusukuma hewa. Na hewa haina huruma: ukizidisha mwendo mara mbili, inakuzuia mara nne, na nguvu unayotakiwa kuitoa kuishinda ni mara nane. Lakini ukikaa nyuma ya mwenzako, tairi lako la mbele likikaribia lake la nyuma, unaweza kuokoa kama thuluthi ya nguvu hiyo. Wabeba mkaa na madumu ya mnazi wanaoingia mjini alfajiri wanalijua hili bila kufundishwa. Kusi likivuma utawaona wamefuatana kama siafu. Wa mbele akichoka anajitoa kando, anapitwa, anaingia mkiani kupumua.

Kwa hiyo anayeongoza si lazima awe anashinda. Mara nyingi ndiye anayeliwa.

Mambo yananoga upepo ukija wa ubavuni. Ukirudi mjini kutoka Mambrui wakati wa kusi, bahari iko kushoto kwako na upepo unakupiga kutoka huko huko. Hapo kumfuata mwenzako nyuma moja kwa moja hakukusaidii sana. Wavuvi watanielewa upesi: chombo kina upande wa goshini, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Mwendeshaji hodari hutafuta demani ya mwenzake. Anakaa nyuma yake kidogo na kuliani kwake, wa tatu vivyo hivyo, mpaka msafara unakuwa mshazari kama tanga. Tatizo, nusu yetu ya lami haitoshi wote. Watano au sita wakishajipanga, wa saba amefika mstari wa katikati, na mbele yake kuna matatu inakuja. Anarudi kufuata mstari ulionyooka, upepo unamla mzima mzima, pengo linafunguka. Ukitaka kuona mbio zikikatika vipande, usisimame penye mstari wa mwisho. Simama pale nyumba zinapoisha na uwanja unapoanza.

Kuna jingine linalowashangaza watu: mmoja anachomoka peke yake na wenzake wanamwachia. Mbona hawamfukuzi? Wanategeana. Atakayeanza kumfukuza ndiye atakayekula upepo, na waliomganda nyuma watafika wakiwa na miguu mibichi. Kila mmoja anamtazama mwenziwe, na yule anazidi kwenda. Kwa kawaida wakikubaliana kupokezana hukamatwa, kwa sababu yeye ni mmoja na wao ni wengi. Wakichelewa kukubaliana, hawamwoni tena.

Katika Tour de France, mbio kubwa za Ufaransa zinazokwenda hatua kwa hatua, kila siku na mshindi wake, kila timu ina watu 8, na wengi wao hawakwenda kushinda. Wamekwenda kumkinga mmoja na upepo na kumletea maji. Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio hizo, alishinda tatu mwaka 2024 na kuondoka na jezi ya kijani, ya aliyekusanya pointi nyingi kuliko wote. Sisi tulimwona peke yake, mikono juu. Mimi siku hizi natazama kilomita za mwisho kabla ya mikono hiyo, niwaone wanaomvuta.

Mei ni zamu ya Giro d'Italia, mbio za namna hiyo hiyo za Italia, na Malindi yetu yenye Wataliano kila pembe haiwezi kuikwepa. Mzee mmoja mteja wangu huja kibandani na simu yake, na ndiye aliyenieleza kwamba jezi ya kiongozi ni ya waridi kwa sababu gazeti lililoanzisha mbio hizo mwaka 1909, La Gazzetta dello Sport, huchapishwa kwenye karatasi ya rangi hiyo. Girmay alishinda hatua huko nako, mjini Jesi, mwaka 2022. Akapewa chupa ya kusherehekea, kizibo kikamfyatukia jichoni, kesho yake akajitoa. Baiskeli haikumwumiza, chupa ndiyo.

Sasa, njia ya haraka ya kuyaelewa haya yote ni kuendesha pamoja. Jumapili baada ya sala ya alfajiri tunatoka kundi, wenye giya na wenye black mamba, zile baiskeli nzito zisizo na giya, na hakuna mshindi. Mwendo ni wa yule mpole kuliko wote. Wengi humweka nyuma wakidhani wanamstahi, nami nasema wanamtesa. Mkia wa msafara una taabu yake: wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona, wa mwisho husimama kabisa, kisha hukimbia kama mwizi kuziba pengo. Mweke wa pili au wa tatu, nyuma ya mgongo mpana, na utamsikia anaanza kuzungumza.

Breki za ghafla ni mwiko. Aliye mbele akiona shimo anapaza sauti, "Shimo!", na neno linapokezwa hadi nyuma. Wenye buibui na suruali pana nawakatia pete za tyubu kuukuu, wanazivaa kifundoni, mnyororo haunasi kitu. Pete hizo zimeleta wanawake wengi kuliko tangazo lolote nililobandika.

Siku ya mashindano tunafungua na mbio za polepole: hatua 20, wa mwisho kufika ndiye mshindi, ukigusa chini umetoka. Vijana wa giya hushindwa vibaya. Mara iliyopita alishinda babu mmoja mwenye black mamba, hajikunji hata kidogo, kama aliyesimama foleni ya maji.

Mama wa mahamri amehamishia meza yake kwenye ile kona ya uwanjani, kwa hiari yake. Mbio za mwezi uliopita nilimkuta akiwafundisha wateja. "Huyo wa mbele ataliwa," anasema, huku akiokoa mahamri kwenye mafuta. "Mtazameni mwenye shati la kijani, hajatokeza pua tangu asubuhi." Na kweli, mzunguko wa mwisho shati la kijani likatokeza, likapita wawili, likapita watatu, kisha miguu ikazunguka bure: mnyororo umeruka.

Mama akanigeukia. "Fundi, mnyororo ule aliufunga nani?"

Nilikuwa nimeufunga mimi, usiku wake, kwa mwanga wa simu.