Je, wajua kwa nini tangi la mafuta huvuja chini ilhali ukuta wake hauna hata doa?

Tangi la mafuta lililojengwa juu ya ardhi huonekana lote isipokuwa kitako chake, na huko ndiko kutu hufanya kazi yake bila kusumbuliwa. Kwa ndani, maji yaliyoingia na mafuta au yaliyotokana na unyevu wa hewa huzama chini, maana ni mazito kuliko dizeli na petroli. Hutuama juu ya bamba la chini pamoja na vijidudu vinavyozalisha tindikali. Kwa nje, unyevu wa udongo hulila bamba hilohilo kutoka chini. Chuma cha milimita 6 huliwa pande mbili, na mpita njia haoni ila rangi nzuri ukutani.

Ukaguzi wa kila mwezi hauhitaji mitambo, unahitaji macho yasiyo na haraka. Pa kuanzia ni ule ukingo mwembamba wa bamba la chini unaochomoza nje ya ukuta, kwa sababu maji ya mvua hunaswa kati yake na msingi. Rangi iliyofura ikwanguliwe. Ikitoka na magamba ya kutu, unene upimwe papo hapo. Tazama pia flenji, yaani maungio ya mabomba yaliyokazwa kwa boliti, zinazotoa jasho la mafuta, udongo wenye madoa, zege lililopasuka, na vali ya kuondolea maji ya mvua katika ukuta wa kinga unaozunguka eneo la tangi, ambayo wengi huisahau wazi. Kisha panda uangalie tundu la kupumulia. Kiota kikiliziba, pampu huvuta mafuta bila hewa kuchukua nafasi yake, na tangi zima hubonyea ndani.

Fimbo ya kupimia nayo hutoa habari, ila ni rahisi kuisoma vibaya. Katika tangi lenye kipenyo cha mita 20, kushuka kwa milimita 1 tu ni lita 314. Lakini lita milioni 1 za dizeli zikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi, ujazo hupungua kwa lita 8,000 hivi bila tone kuvuja. Kwa hiyo vali zote zifungwe, mafuta yaachwe yatulie, joto lipimwe kila mara kina kinapopimwa, na hesabu irekebishwe. Anayelinganisha kina bila joto atatangaza uvujaji usiokuwapo, au, vibaya zaidi, ataisingizia baridi uvujaji wa kweli. Ncha ya fimbo ipakwe dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, nayo maji yakionekana yatolewe.

Jibu kamili hupatikana ndani. Tangi humwagwa, husafishwa na kupitishwa hewa, na hakuna anayeingia kabla oksijeni na mvuke wa mafuta havijapimwa. Mashine yenye sumaku kali husukumwa juu ya sakafu yote. Chuma kikiwa chembamba, nguvu ya sumaku huchepuka na mashine huweka alama. Alama hizo huhakikiwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kwani sumaku huonyesha palipo na kasoro kuliko inavyopima kina chake. Maungio yaliyochomelewa hupakwa maji ya sabuni na kufunikwa kwa kisanduku chenye kioo kinachonyonywa hewa. Povu likitokea, pana tundu.

Sasa hesabu. Bamba la milimita 6 likikutwa na 4.5 baada ya miaka 10, limepoteza milimita 0.15 kwa mwaka. Kiwango cha API 653, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, hakiruhusu unene ushuke chini ya milimita 2.5 kabla ya ukaguzi wa ndani unaofuata, kwa tangi lisilo na kinga wala kitambuzi cha uvujaji chini yake. Zimebaki milimita 2, yaani miaka 13 hivi, mradi mwendo wa kutu usibadilike. Hesabu hii ifanywe kwa shimo lenye kina kuliko yote. Wastani wa sakafu ni faraja ya bure.

Ukuta huvunjika kwa namna nyingine. Tarehe 2 Januari 1988, huko Floreffe, jimbo la Pennsylvania, Marekani, tangi la dizeli lilipasuka likijazwa, likamwaga zaidi ya lita milioni 10. Ufa ulianzia kwenye kasoro ndogo ya zamani karibu na uchomeleaji, katika chuma kilichokuwa dhaifu wakati wa baridi. Tangi hilo lilikuwa limejengwa upya kwa mabamba ya zamani, wala halikuwa limejaribiwa kwa kujazwa maji hadi juu.

Msingi pia hupimwa, kwa vipimo visivyopungua 8 kuzunguka ukuta. Tangi likizama sawasawa, mabomba ndiyo huumia zaidi. Likizama upande mmoja au kwa mawimbi, ukuta hupinda na uchomeleaji wa pembeni mwa sakafu huvutwa. Baada ya matengenezo makubwa, tangi hujazwa maji na kuachwa saa 24, vipimo vya msingi vikichukuliwa kabla, wakati na baada ya kujaza.