Daftari Kando ya Darubini

Nimefanya kazi ya maabara mashariki mwa Uganda kwa miaka kumi na minane, na somo lililonibadilisha zaidi nilipewa na mama mmoja aliyemrudisha mtoto wake kituoni akiwa na homa, wiki mbili baada ya kumtibu malaria. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria tena. "Musawo," yaani tabibu, aliniuliza, "dawa aliimaliza yote. Mbona bado?"

Kwa mazoea ningeandika majibu na kumwita mgonjwa anayefuata. Siku hiyo nilipaka damu ya mtoto kwenye slaidi, nikaitazama kwa darubini kwa muda mrefu, na sikuona kimelea hata kimoja. Ilinichukua siku kadhaa za kusoma kuelewa kwamba kipimo tulichokuwa tukitumia hakitafuti vimelea vyenyewe, bali protini iitwayo HRP2 inayotolewa na vimelea vya Plasmodium falciparum, nayo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Homa ya mtoto ilikuwa na chanzo kingine. Iliniuma kutambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikisoma mistari ya kipimo kile bila kujua inasema nini hasa.

Watumishi wa afya nchini hutakiwa kukusanya pointi za mafunzo endelevu ili wahuishe leseni zao, utaratibu ninaouunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, pointi huhesabu saa ulizokaa ukumbini. Haziwezi kuhesabu swali ulilotoka nalo.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mazoezi mimi huwasimulia habari za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Ingawa kazi yake ilikuwa kisu, alirudi kwenye rekodi za wagonjwa, akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na madaktari wenzake wawili takribani kilomita 16,000, akichora ramani ya saratani iliyofuata joto na mvua na kutoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London mbele ya mtafiti wa virusi Anthony Epstein; sampuli za uvimbe huo zikaanza kupelekwa huko kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza virusi tunavyoviita leo Epstein-Barr. Kinachonigusa zaidi ni wale waliojibu vipeperushi kutoka hospitali ndogo za mbali, kwa kuwa bila macho yao ramani isingekuwapo.

Kando ya darubini yetu pana daftari ambamo yeyote huandika jambo lisilomwingia akilini, na kila Ijumaa tunalitafutia jibu moja. Wiki iliyopita mwanafunzi aliandika: kimelea kikikosa protini ya HRP2, kipimo kitasema nini? Kinaweza kusema hakuna malaria ilhali ipo, na vimelea vya aina hiyo vimethibitishwa nchini Eritrea. Tangu hapo anatenga slaidi za wagonjwa wenye homa ambao kipimo kilisema hawana malaria, na Ijumaa hii tutazitazama pamoja, moja baada ya nyingine.