Homa ya ini D: kirusi chenye kanzu ya kuazima

Kinyozi mmoja wa Langoni, hapa Lamu, aliniuliza haya huku akinichonga ndevu.

Shemeji yangu ameambiwa ana homa ya ini B na D. Ni ugonjwa mmoja?

Ni virusi viwili ndani ya ini moja. Na si homa ya manjano, ingawa macho yaweza kugeuka manjano. Hiyo huletwa na mbu.

Kwa nini D haiji peke yake?

Haina nguo. Kirusi D ni kidogo mno: herufi zake za urithi ni kama 1,700 tu. Kikishaingia kwenye seli ya ini hujinakili kwa mitambo ya seli yenyewe, B hana kazi hapo. Taabu ni kutoka. Ili kihamie seli nyingine kinataka ganda la nje, na kulitengeneza hakijui. B naye hutengeneza maganda mengi kupita haja yake, basi D hujivika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii inasitiri sawasawa, maana seli ikiona ganda la B humfungulia D mlango. Hata Mario Rizzetto na wenzake, walipokigundua kule Turin, Italia, katika miaka ya 1970, mwanzo walidhani ni sehemu ya B.

Ipi mbaya zaidi?

Kupata D ukiwa tayari una B sugu. Mara nyingi D nayo huganda, na ini huingia makovu upesi kuliko kwa B pekee. Mtu mzima akiambukizwa zote mara moja, mara nyingi mwili huzifukuza zote.

Na wembe huu?

Hapo ndipo nilipomshika mkono. Zote mbili hupita kwenye damu na kujamiiana, na B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kupangusa kwa pamba hakutoshi. Kichwa kimoja, wembe mmoja.

Kuna chanjo ya D?

Ya kwake hakuna, lakini ya B yatosha: asiye na B, D haimshiki. Watoto huipata kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wewe kapime B kwanza. Ukiwa huna, chanjwa dozi tatu katika miezi 6. Ukiwa nayo, chanjo haitakufaa. Uliza kipimo cha D.